Aliyejibu kwa Sauti ya Aziza

Siku kompyuta ya Aziza ilipokataa kuwaka, kukataa kwenyewe hakukumshtua Mize. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya mezani, yenye kioo cha kisogo kikubwa, na ilishagoma mara nyingi ikabembelezwa ikawaka. Kilichomshtua ni ubaridi. Aliweka kiganja juu ya boksi lake, lile ambalo mafundi huliita sipiyu, akalikuta limepoa na kutoa majimaji kama mtungi, ilhali nje jua lilikuwa la utosi na mji mzima wa Kilindoni umejifungia ndani kukimbia joto.

Akajifuta kiganja kwenye kanga, kisha akakinusa. Kilinuka mwani.

Akabonyeza kitufe tena. Feni ya ndani ikazunguka kidogo, ikakohoa, ikasimama. Milio mitatu mifupi ikasikika, na kioo kikabaki cheusi.

"Usinifanyie hivi," Mize akaiambia. "Leo usinifanyie hivi."

Aziza alikuwa mwanawe wa pekee. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza ofisi ya kuchapa na kutoa kopi, na jioni akishafunga alikuwa akijirekodi anasoma hadithi za watoto, kwa ajili ya chekechea ya mtaani. Msimu wa kusi uliopita alipanda boti ndogo ya kwenda Nyamisati, ng'ambo bara, apitilize hadi Dar es Salaam kwenye usaili wa chuo. Boti ikapinduka mkondoni. Baadhi ya abiria waliokolewa, baadhi waliletwa wakazikwa. Aziza hakuonekana, si yeye wala nguo yake.

Baba yake, Abubakari, seremala wa vitanda na milango, alimsalia mwanawe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, pamoja na wanaume wenzake, akarudi nyumbani akitaka isomwe hitma. Mize akakataa katakata. "Sijaona maiti," alisema. "Hitma ya nani?"

Tangu hapo, kila mchana mume akiwa karakana, Mize alifunga mlango wa chumba cha mbele, akawasha kompyuta na kumsikiliza mwanawe. Zile rekodi alizijua zote kwa moyo. Kulikuwa na ile yenye jogoo wa jirani kwa nyuma, ile ya mvua juu ya bati, ile ambayo cherehani ya Mize mwenyewe inasikika ikikereza. Kulikuwa na ile ya asubuhi ya Idi, takbira zinatoka msikitini na Aziza anacheka, anamwita baba yake aje apigwe picha. Nakala nyingine, ile ya kuwachezeshea watoto chekecheani, ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikwenda majini na mwenyewe. Kwa hiyo kila kilichobaki cha sauti ya Aziza duniani kilikuwa ndani ya boksi lile la baridi.

Mize alilifunga kwenye shuka, akalibeba mikononi kama mtoto mgonjwa, akalipeleka kwa Qasim.

Qasim alikuwa fundi wa kompyuta na simu, mjukuu wa Wahindi wa zamani wenye maduka upande wa sokoni. Meza yake ya kazi ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mkewe, Masooma. Alimpokea Mize kwa upole, maana mtaa mzima ulijua habari zake.

"Ilianzaje, Bi Mize?"

"Jana nimeizima vizuri. Leo haiwaki. Inalia tu."

Qasim akabadilisha waya. Haikuwaka. Akachomoa pawa saplai, kile kiboksi cha kuleta umeme, akafunga nyingine aliyokuwa na uhakika nayo. Milio mitatu. Akachomoa ramu, ile kadi nyembamba ya kumbukumbu, akayasugua meno yake kwa ufutio wa shule, akairudisha kwa kuikandamiza mpaka ikalia tak. Milio mitatu. Akabadilisha kile kibetri cha duara kinachoshika saa. Milio mitatu. Jasho likawa linamdondoka puani. Alipoinamisha boksi alitazame kwa chini, mchanga ukamwagika mezani. Ulikuwa mchanga wa pwani, mweupe, umeloa.

"Hii iliangukia majini?"

"Haijatoka chumbani tangu Aziza ainunue."

Qasim akaupangusa mchanga kwa tambara. Akaitoa diski, kile kibati kizito ambamo vitu vyote huhifadhiwa, akaiunganisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kukasikika mgongano mdogo ndani yake, tik, tik, tik, na kioo cha Qasim kikaganda. Akajaribu tena, na tena. Mwisho akaichomoa, akaiweka mezani.

"Bi Mize, nisamehe. Diski imekufa."

"Nitolee hata rekodi moja. Hata ile ya mvua peke yake."

"Siwezi. Imekufa yenyewe, si mashine."

Lakini diski, pale mezani, bila waya wowote, ilikuwa ingali inalia tik, tik, tik. Qasim akautazama waya alioushika mkononi. Akamtazama Mize. Masooma alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha mteja begani, akavuta mtandio wake mpaka kwenye paji la uso.

"Qasim," alisema kwa sauti ya chini. "Irudishie humo. Yote. Kama ilivyokuja."

Qasim akairudishia mbio mbio, skurubu nyingine akaziacha mezani. Alipomkabidhi Mize lile boksi, hakumtazama machoni.

Siku zilizofuata Mize hakupika wala hakushona. Alitandika mkeka uani, akalifungua boksi mwenyewe, akaukung'uta mchanga, akavipangusa vile vitu kwa pamba na kuvianika juani kimoja kimoja. Akavirudisha kama alivyomwona Qasim akivirudisha. Hakuna. Akavitoa tena. Akasugua ramu kwa ufutio mpaka vidole vikamwuma. Hakuna. Sasa haikulia hata ile milio.

Abubakari alimkuta amepiga magoti mbele ya meza, ananong'ona na boksi.

"Mama Aziza, inuka ule."

"Nikila ndiyo itawaka?"

"Mwanetu hayumo humo."

"Basi yuko wapi?" Mize akamgeukia. "Nionyeshe. Nionyeshe kaburi, nami nitaiacha kompyuta hii leo hii."

Ilikuwa Ijumaa. Abubakari akachukua kofia yake, akaenda msikitini.

Alipotoka tu, umeme ukakatika mtaa mzima. Pangaboi likazunguka polepole likasimama, friji ya jirani ikanyamaza, na kimya cha mchana kikaujaa mtaa, kile kimya ambacho kikiingia watu wa pwani hawapendi mtoto awe nje peke yake. Mize alichomoa waya wa kompyuta ukutani, akautupa chini kwa hasira. Akalalia lile boksi, shavu lake kwenye bati la baridi. Hakusema bismillahi, wala hakumtaja Mungu.

"Yeyote anayenisikia," alisema. "Yeyote. Nirudishie sauti ya mwanangu, na unachotaka uchukue."

Chini ya shavu lake, feni ikaanza kuzunguka.

Akainua kichwa. Waya ulikuwa sakafuni, umejikunja. Kioo kikaingia weupe kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye chombo kilichotoboka, na kabla Mize hajagusa kitu chochote, Aziza akaanza kusoma hadithi, jogoo wa jirani akiwika kwa nyuma.

Mize alilia mpaka akacheka. Hakujiuliza lolote. Kwa muda ule alikuwa na mwanawe, na siku zile zikawa njema kuliko zote tangu boti ilipopinduka. Alipika, alioga, alimchekea mumewe, ila chumba cha mbele alikifunga na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Waya aliuacha pale pale sakafuni, maana aliogopa kuugusa. Aliona kwamba chumba kinanuka udi ambao hakuna aliyeufukiza, na chini ya udi harufu nyingine, ya mwani uliooza. Aliona sakafu chini ya meza imeloa kwa maji yasiyomwagwa na mtu, yanatoka yenyewe. Alipangusa, akakamua tambara, akanyamaza.

Kisha mchana mmoja, katikati ya hadithi ya sungura, Aziza aliacha kusoma.

"Mama," alisema.

Mize akashika ukingo wa meza.

"Mama. Nipo. Huku. Baridi."

Abubakari aliitwa karakana na mtoto wa jirani kwamba mkewe anamhitaji. Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni. Akamfungulia. Abubakari akaingia, akausikia mvuke wa baridi ukimgusa miguuni, akaona kioo kinawaka, akaona waya.

"Mize, hii haina umeme."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Shusha sauti. Itakusikia."

"Nani atanisikia?"

"Baba," ikasema kompyuta.

Abubakari, mwanamume aliyembeba mama yake kaburini bila kutoa chozi mbele za watu, aliketi pale pale kwenye maji.

"Baba. Njoo. Pwani. Mama. Njoo. Maji. Yakijaa."

"Nimemsalia ghaibu," Abubakari alinong'ona. "Mwanangu yu hai mahali fulani, ananisubiri, na mimi nimemsalia. Nimemsalia kama maiti, Mize."

"Baba Aziza, ngoja kwanza." Kitu kilikuwa kinamsumbua Mize masikioni, kitu cha namna maneno yale yalivyokuja, lakini hakuweza kukishika. "Tumwambie mtu. Tumwambie imamu."

"Ili waniambie nini? Kwamba nimwache?" Akainuka. "Maji yanajaa leo alasiri."

Sasa ni yeye aliyekuwa haambiliki. Mize alimfuata, kwa sababu hakuweza kumwacha, na kwa sababu moyo wake nao, ukweli usemwe, ulikuwa umeshatangulia pwani. Wakapita nyuma ya nyumba za mwisho, wakakata minazi, wakatokea pale ambapo mikoko inaanza na hakuna anayeanika nyavu wala kuegesha chombo. Jua lilikuwa bado kali. Maji yalikuwa yanapanda tope taratibu, bila wimbi, na hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Baba," Aziza akaita kutoka katikati ya mikoko. "Njoo."

Abubakari akaingia majini na viatu. Mize alisimama ukingoni, mikono kifuani, akisikiliza, na sauti ikaita tena, karibu zaidi, baba, na tena, njoo, na hapo ndipo kile kilichokuwa kinamsumbua kikajitokeza chote, kwa kuwa nyuma ya lile neno baba alisikia takbira za Idi, watu wengi kwa mbali wakisema Allahu Akbar, wakati Idi ilipita zamani na pale mikokoni hapakuwa na msikiti, na nyuma ya neno njoo aliwika jogoo wa jirani, jogoo aliyechinjwa mwaka jana, na kule chumbani, alikumbuka sasa, nyuma ya neno mama kulikuwa na mvua juu ya bati, na nyuma ya neno huku kulikuwa na cherehani yake mwenyewe ikikereza, kila neno na siku yake, kila neno limenyofolewa kwenye rekodi yake na kuunganishwa na jingine na kitu ambacho hakikuwa na sauti ya kwake.

"Baba Aziza, rudi! Si yeye!"

Hakugeuka. Maji yalikuwa kiunoni. Mize akajitupa, akapiga maji kwa mikono, akamshika shati, likachanika, akamshika mkono, naye akamsukuma kwa nguvu ya mtu asiyemjua mkewe, na katika kusukumana huko Mize aliona, kati ya mizizi ya mikoko, maji yamesimama wima kimo cha mtu, meusi, yanawangojea. Akapiga kelele, audhubillahi, audhubillahi, akamng'ata mumewe mkono mpaka akaonja damu. Abubakari akashtuka kama anayeamshwa. Wakarudi nchi kavu kwa kutambaa, wameshikana, na nyuma yao Aziza anaita, anaita, baba, mama, njoo, njoo, kwa haraka zaidi na zaidi, mpaka maneno yakawa hayaeleweki.

Kulipokucha Abubakari alikwenda kijiji cha Baleni kumleta mganga, Bi Kijakazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa mihogo, mfupi wa maneno, ambaye majini yakimwona, watu walisema, huanza kuomba radhi. Mize alimpokea kwa shikamoo. Akaitika marahaba bila kumtazama, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha mbele, akaunusa.

"Nani alimwita?"

"Mimi," Mize akasema.

"Kwa jina gani?"

"Sikutaja jina. Nilisema yeyote."

"Yeyote," Bi Kijakazi akarudia, akafumba macho kidogo. "Ukisema yeyote, anakuja aliye karibu. Na wa karibu yako siye mwema. Ulimwahidi nini?"

Mize akamwambia. Abubakari akainamisha kichwa.

Bi Kijakazi aliandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi, akawanywesha wote wawili. Akatia mvuje, ule utomvu mkali wa kufukizia, kwenye chetezo cha makaa, chumba kikajaa moshi mchungu unaowasha macho. Kioo cha kompyuta kikaanza kutetemeka.

"Hana sauti huyu," alisema. "Amekaa ndani ya sauti ya mwanao kama kaa ndani ya gamba la mwenzake. Nikimtoa na kuiacha sauti, atarudi kabla sijafika Baleni. Ivunjeni."

"Bibi, nibakizie moja," Mize akasema. "Moja tu. Ile ya mvua. Haina neno baya, anasoma tu."

"Hata moja."

"Bibi, sina kaburi la mwanangu. Bahari haikunirudishia hata kandambili yake. Nitabaki na nini?"

"Na mumeo," Bi Kijakazi akajibu. "Jana nusura usibaki naye. Na aliyeita ndiye avunje. Siyo mimi, wala siyo yeye."

Abubakari alikwenda karakana akarudi na nyundo. Mwenyewe alifungua boksi, akaitoa diski, akaiweka juu ya kigogo sakafuni. Ilikuwa inalia tik, tik, tik. Kisha akampa Mize nyundo na kupiga magoti kando yake.

"Mama," Aziza akasema. "Mama. Usi. Vunje."

Mize akainua nyundo, mkono ukabaki juu.

"Mama. Nakupenda. Mama. Naogopa. Maji. Mama."

"Maneno yake ni yake kweli," Mize akalia. "Baba Aziza, nakupenda aliisema kweli, aliniambia mimi, nilikuwa nashona."

"Alikuambia," Abubakari akasema naye akilia. "Alikuambia wewe. Huyu anakurushia tu."

Na yule aliyekuwa ndani akaona kwamba nyundo haishuki lakini pia haiwekwi chini, akaziachia rekodi zote kwa pamoja, hadithi zote, vicheko vyote, majogoo, mvua, takbira, Aziza ishirini wanasoma na kucheka na kuita ndani ya chumba kimoja, maji yanabubujika kutoka kwenye boksi tupu na kuwafikia magotini, Bi Kijakazi anasoma kwa sauti kubwa na hasikiki, moshi umegeuka ukungu wa baharini, na kati ya zogo lote hilo Mize alisikia Aziza mmoja analia, kilio kabisa, na hapo akajua, kwa kuwa katika rekodi zile zote, zote alizozijua kwa moyo, hakuna hata moja ambayo Aziza analia. Hicho kilio hakikuwa cha mwanawe, bali cha yule aliyemo, aliyeanza kuizoea sauti aliyoiazima. Akasema bismillahi, akashusha nyundo.

Akapiga mpaka bati likafumuka, mpaka vile visahani vinavyong'aa kama kioo vikavunjika vipande vipande. Kimya kikaingia. Maji yakanywea sakafuni.

"Amekwenda?" Abubakari akauliza.

Bi Kijakazi alitazama mlangoni.

"Amekwenda," alisema. "Ila sikumwona akitoka mikono mitupu."

Akakusanya vile vipande kwenye kitambaa, akataka akavizike mwenyewe, mbali na maji. Hakutaka chakula. Aliondoka.

Hitma ya Aziza ilisomwa wiki hiyo. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani, ubani ukafukizwa, pilau ikapikwa kwenye masufuria ya kuazima, na Mize akapokea pole za watu kwa mara ya kwanza bila kuzikataa. Qasim alikuja, akamsalimu kwa kichwa. Baada ya dua wanawake wakaanza kumkumbuka marehemu: ucheshi wake, alivyowatania wateja, alivyokuwa hataki kuosha sufuria. Nasma, rafiki yake wa tangu utotoni, alicheka huku anajifuta machozi.

"Mnakumbuka alivyokuwa akiniita kutoka barabarani?" alisema. "Alikuwa hivi..."

Akafungua mdomo amwigize. Mdomo ukabaki wazi. Tabasamu likamtoka usoni taratibu. Akajaribu tena, akaweka mkono kooni. Akamtazama aliyekaa kando yake, na yule naye akawa amekunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka sasa hivi. Wanawake wote waliomjua Aziza tangu mchanga walikuwa wanatazamana.

Mize akafumba macho. Akamtafuta. Akamwona vizuri, meno yake, kovu la kidevuni, mtandio wa rangi ya samli. Alimwona amesimama mlangoni, midomo inacheza, anasema. Hakusikia kitu.

Watu walipoondoka na vyombo vikaoshwa, alimfuata Abubakari chumbani.

"Baba Aziza. Alikuwa akiniitaje?"

"Alikuita mama."

"Neno nalijua. Nakuuliza sauti."

Abubakari alifumba macho, akaitafuta. Kisha akakaa kitandani, akageuza uso ukutani, na mabega yakaanza kumtetemeka.